Nyota za Mama Nyota

Mlio na watoto wepesi wa vidole, sikieni haya yasije yakawakuta.

Katika chumba cha kufulia mashuka ya hospitali alikuwako mama mmoja, mgongo umemchakaa kwa kuinamia mashine. Siku moja msimamizi akatangaza kuwa mashuka yatapokelewa kwa kuandikwa kwenye simu, na atakayeiweza kazi hiyo atakaa kwenye kiti, pale dirishani, aachane na mvuke. Mama akakitamani kile kiti mpaka akakiota.

Mafunzo yakaanza. Jumamosi darasani, siku nyingine kila mtu na simu yake nyumbani. Ukimaliza somo, simu inakupa nyota. Darasani mama aliitikia kila neno kwa kichwa. Nyumbani alimrushia binti yake simu: "Nibofyee hayo madude, mwanangu, mie niko jikoni." Binti akabofya huku anatafuna, hata hasomi. Nyota zikamiminika. Mwalimu akampigia makofi, wenzake wakamwita Mama Nyota, naye akavimba kichwa.

Mwenzake wa mashine ya pili walimwita Kobe. Huyo nyota zake zilikuwa za kuhesabika, na zote amezitolea jasho.

"Kobe, mpaka umalize somo moja mashuka yameshaota ukungu!" Mama Nyota akamcheka.

"Cheka tu, shoga. Jana nimefuta kila kitu, nikaanza upya."

Ikafika siku ya kutoa kiti. Wakubwa wakaja na kamera zao.

"Mama Nyota," mwalimu akasema kwa madaha, "tupokelee gunia hili la wodi ya wazazi."

Mama akaishika simu kama kaa la moto. Simu ikataka neno la siri. Mama akaitabasamia.

"Neno la siri, mama."

"Liko shuleni."

"Shuleni? Kivipi?"

"Limevaa sare. Linarudi saa kumi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu, ambaye alishaandika kwamba wanafunzi wote wameiva, akakohoa na kusingizia mtandao. Msimamizi akamwita Kobe. Kobe akabofya, akakosea, akarudi nyuma, wakubwa wakapiga miayo, lakini gunia likapokelewa. Kiti kikawa chake. Mama Nyota akarudi kwenye mvuke.

Jioni binti akauliza, "Mama, tumefaulu?"

"Umefaulu wewe. Kesho basi uende wewe ukainame!"

"Pole, mama. Lete simu nikutafutie dawa ya mgongo."

Akampa.