Malkia Aliyewekwa Mapema

Abeid alituma salamu hadi Nyamasaria, kwenye shule ya msingi alikofundisha Beldina, kumwomba mwalimu apite dukani kwake akishuka mjini. Hakusema ni kwa nini. Beldina alidhani mnyororo wa baiskeli ya mume wake umepatikana, maana Abeid aliuza spea karibu na stendi ya Kisumu. Hata hivyo alisitasita kwenda. Majuzi tu Abeid alikuwa amemshinda katika fainali ya sataranji ya mji, mbele ya ukumbi mzima, na tangu hapo Beldina hakuwa amegusa kete.

Jumamosi alikwenda. Mnyororo haukuwepo. Abeid alikuwa amesukuma mikanda ya feni pembeni na kuweka ubao juu ya kaunta.

"Unaikumbuka hii, Mwalimu?"

Beldina aliutazama. Kete zilizobaki zilikuwa chache. Upande wake palikuwa na mfalme mweupe, farasi, na askari mmoja ukingoni. Upande wa Abeid palikuwa na mfalme mweusi na malkia aliyesimama kwenye mstari wa mwisho.

"Nitaisahau vipi? Askari wako alifika mwisho akawa malkia, mimi nikakupa mkono. Umeniita nije nione tena?"

"Kaa kwanza," Abeid alisema, akamsogezea stuli. "Sasa ni zamu yako. Cheza."

"Mchezo uliisha, bwana."

"Cheza tu."

Beldina alikunja uso. Alitazama bila hamu, kama mtu anayesahihisha daftari la mtoto ambaye kila siku hukosea. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwa farasi. Akamrusha kutoka alipokuwa, akamweka karibu na katikati. Alibaki ameshika kichwa cha farasi kwa vidole viwili, hakumwachia.

Farasi alikuwa amempiga mfalme mweusi shaha, kumtishia. Na kutoka pale pale alikuwa amemlenga malkia. Mfalme angelazimika kukimbia, na akishakimbia, malkia analiwa.

"Adier?" alisema kwa sauti ndogo. Kweli?

"Wallahi. Nimeiona juzi nikimfundisha binti yangu Rehma. Unamla malkia wangu, nabaki na mfalme mtupu, wewe una farasi na askari. Wewe ndiye ungeshinda."

Beldina aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akasimama akitazama watu wakipita na mizigo yao. Alichokumbuka hakikuwa ubao. Alikumbuka jinsi Abeid alivyomgonga yule malkia mezani mpaka kete nyingine zikatikisika, na jinsi Ouma, karani wa bandarini aliyekuwa nyuma ya kiti chake, alivyosema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kwisha habari. Mama, usitucheleweshe." Watu wakacheka. Katika ukumbi ule mwanamke aliyecheza alikuwa peke yake, na hakutaka ionekane kwamba anang'ang'ania kitu kilichokwisha. Akalaza mfalme wake upesi kukubali kushindwa, akatabasamu, akapiga makofi Abeid alipopewa kombe.

"Mbona umeniambia?" alimgeukia. "Ungeninyamazia. Mimi nilikuwa nimeshazoea kushindwa kwa haki."

Abeid alikuna shingo. "Nilijaribu kunyamaza. Mke wangu Zuleha kaliweka kombe juu ya kabati, kila mgeni anaonyeshwa. Nikiliona naona farasi wako."

Hapo Beldina alicheka bila kupenda, akarudi kwenye stuli. Alimrudisha farasi mahali pake, akamwondoa malkia, akaweka askari mweusi hatua moja kabla ya mwisho. Mteja aliingia akanunua plagi, akaondoka. Beldina hakuinua macho.

"Hukuhitaji kuharakisha kumfanya askari malkia," alisema hatimaye. "Ungeanza na mfalme. Hapa, hatua moja kando. Farasi wangu akiruka pale pale, mfalme wako anamla. Na askari wangu yuko mbali, hawezi kukutangulia."

Abeid aliinama mpaka kofia yake ikakaribia kugusa ubao. Alijaribu njia moja, akajaribu nyingine. Kila mara mweusi alishinda.

"Kwa hiyo ulikuwa unashinda," Beldina alisema. "Ukaharibu. Halafu mimi nikaharibu zaidi."

"Sikuiona hiyo ya mfalme. Nisichokiona si changu."

"Na mimi sikuitafuta yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Kutoona ni kutoona tu. Lakini mimi sikutazama kabisa. Nilimsikiliza Ouma."

Abeid aliagiza chai ya maziwa kutoka hoteli ya jirani, nao wakaupanga mchezo tangu mwanzo, wakibishana kila walipofika mahali ambapo kila mmoja alikumbuka lake. Waligundua kwamba Beldina alibadilishana malkia mapema kwa woga tu, na kwamba Abeid aliacha ngome yake wazi, hakuna aliyeiona. Makosa yalikuwa mengi kuliko walivyofikiri, na mengi hayakuwa na aibu yoyote.

Desemba ile kulikuwa na mashindano Muhoroni, kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa sukari. Beldina alikwenda pamoja na Abeid. Mchezo wa kwanza alishinda. Wa pili alizidiwa na fundi mmoja aitwaye Shitanda, akabaki na mfalme na askari wawili, na watazamaji wakaanza kuguna. Alikaa. Alitafuta kila upande wa ubao, akichukua muda wake wote, mpaka Shitanda mwenyewe akaenda kunywa maji na kurudi. Hakupata kitu. Alifungwa.

"Ulikuwa na nafasi?" Abeid alimwuliza walipotoka nje, harufu ya miwa ikiwa imejaa hewani.

"Hapana," Beldina alisema. "Nimetazama."

Akaenda kutafuta chakula kabla ya mchezo wa tatu.