Presha Iliyokaa Chini ya Kitanda

Usiku wa kuamkia leo niliota bwalo la shule yetu limegeuzwa wodi, na hakuna aliyeona ajabu. Palikuwa na kitanda kimoja tu, na juu yake alilala Bibi Kokugonza, mama mzazi wa baba yangu. Hata nje ya ndoto amelazwa, maana kila akisimama anaanguka. Na Jumamosi ndiye wa kumshika mkono shangazi Kemilembe na kumtoa nyumbani kwenda kuolewa. Shangazi kasema bila Bibi hatoki, hata bwana harusi agaegae uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Hapa wanakula nini?"

"Maharage, Bibi."

"Na wewe wanakunyima?"

Kabla sijajibu, nikawaona Daktari Lwegasira na muuguzi, Sista Adeodata, wanazunguka wodi. Wanazunguka kweli. Wamekizunguka kitanda cha Bibi mpaka sakafu imechimbika mfereji.

"Tuko hivi tangu Jumatatu," daktari ananieleza bila kusimama. "Kwa nini anaanguka, bado hatujui. Tunafikiria kugeuza, tuzungukie upande wa pili."

Ndipo akaja mfamasia, Nyamizi, pamoja na dirisha lake. Namaanisha lile dirisha dogo la dawa lenye tundu la kupitishia mkono. Alikuwa amelivaa shingoni.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema kupitia tundu. "Jukumu langu limepanuliwa asubuhi hii. Mlango haukupanuliwa."

Kweli alikuwa amepanuka. Ilibidi wapishi wang'oe fremu ya mlango ndipo aingie. Daktari alifurahi hadi akasimama ghafla, na Sista akamgonga mgongoni.

"Karibu, dada! Muda wote tunakutumia vikaratasi tu, kumbe unaweza kutembea."

Nyamizi akaketi kitandani. "Bibi, ukiacha dawa za hospitali, unameza nini kingine?"

"Simezi kitu."

"Hata zawadi?"

"Aa, zawadi nameza. Nitakataaje?"

Hapa nieleze. Mtaani kwa Bibi, kwenda kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu ni aibu. Mtu anabeba ndizi, na kwa kuwa anakupenda, anakuongezea vidonge vyake mwenyewe, vilivyomsaidia yeye.

Foronya ikajifungua, vidonge vikatoka na kujipanga mstari kama kidato cha kwanza siku ya ukaguzi. Nikainama nivitazame. Vikarudi nyuma. Nikasogea. Vikakimbia.

"Tumeandikwa tuwekwe mbali na watoto," kikasema kidonge cha njano, kikihema.

"Niko kidato cha tatu."

"Una ndevu?"

Nilikwenda kusimama karibu na masufuria.

Nyamizi akaanza kuvihoji kimoja kimoja. "Wewe umeletwa na nani?"

"Na Mama Koku wa nyumba ya pili," kikajibu cha njano. "Nilikuja na mkungu wa ndizi."

"Kazi yako?"

"Kushusha presha."

"Na wewe wa bluu?"

"Mzee Ishengoma. Nilikuja na maparachichi. Nashusha presha."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye wa hospitali," kikasema cheupe kwa huzuni. "Nami nashusha presha. Ila kila nikifika kazini nakuta imeshashushwa."

Wote wakatazamana. Daktari akapiga magoti, akachungulia uvunguni.

"Jamani, hii hapa."

Presha ya Bibi imekaa chini ya kitanda, ndogo kama paka, imekumbatia magoti.

"Njoo, mama, njoo," Sista anaibembeleza.

"Nimeshushwa na watatu. Nitapandaje?"

"Daktari," akasema Nyamizi, "nashauri hivi vya zawadi virudi makwao, kibaki hiki cha hospitali peke yake."

"Nimekubali. Sista?"

"Nitampima akiwa amelala, nimpime tena akisimama."

"Bibi, wewe unasemaje?"

Bibi akafikiri. "Viende. Lakini mgeni wangu haondoki hivi hivi. Vifungieni ndizi."

Kila kidonge cha zawadi kikafungiwa ndizi mgongoni, kikashukuru, kikaondoka kikiyumba. Presha ikachungulia. Ikashika mguu wa kitanda, ikapanda polepole.

"Hapo hapo," akasema Nyamizi. "Usipitilize."

Ikakaa begani kwa Bibi, imetulia.

Mara bwalo likawa uani kwa Bibi na ngoma zinalia. Bibi anasimama. Daktari, Sista na mfamasia wananyoosha mikono kumdaka. Haanguki! Anamshika shangazi mkono, anainua mguu, na hatua yake ya kwanza inatua juu ya kidole gumba cha mguu wangu. Bibi yangu si mwepesi.

Nikapiga yowe, nikaamka.

Matroni Byera alikuwa kando ya kitanda changu bwenini, ameshika simu. "Mama yako huyu. Na hizo kelele ukamalizie nje."

"Mwanangu!" Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Juzi madaktari walipita na mfamasia, wakamkuta Bibi anameza vidonge vya mtaa mzima. Wamevizuia, na leo kasimama mwenyewe, anatembea! Jumamosi tunaye."

Nikajipangusa macho kwa shuka, Matroni asione.

"Ila kuna jambo sijamwelewa," Mama akaendelea. "Anauliza kidole chako kimevimba sana?"

Nikafunua blanketi, nikatazama.

"Mwambie kidogo tu," nikasema.