Noti Haishiki Jembe

Kikombe cha bati kiligonga sakafu gizani, kikaviringika, kikanyamaza. Stumai akajua mkwewe ana kiu. Alipoingia na tochi ya simu, akakuta kiu imekwisha, na bibi naye kakata roho.

Kulipopambazuka alipiga yowe. Vilima vya Kitahana vilisikia, lakini hakuja mtu ila Dorcas, jirani mjane, aliyekunja kanga yake akaanza kuosha maiti.

"Wanaume wako wapi, dada?" Stumai akamwuliza.

"Wapo. Wamekaa kwa Reverien, wanaota moto."

Tharsisi, mume wa Stumai, mnunuzi wa maharage mwenye fuso mbili na nyumba ya bati jekundu, akaguna. "Wanataka hela hao. Twende."

Stumai akamfuata, kamshika mkono binti yao Asnath. Reverien, mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana, hakuinuka.

"Pole na msiba, bosi."

Tharsisi akatoa bunda la noti. "Gawaneni. Naomba watu wa kuchimba kaburi."

"Iambie hiyo ikachimbe." Wenzake wakacheka kicheko kikavu. "Si ndiyo unayoitumaga? Nilipomzika mwanangu ulimpa bodaboda bahasha, wewe ukaenda zako Nyarugusu sokoni. Bodaboda mwenyewe alishika koleo, bwana! Mtu wa Kasulu, hata hatujui!"

"Nilikuwa na mzigo, kaka..."

"Na sisi tulikuwa nao. Tuliubeba mabegani."

Stumai alitaka kusema kwamba yeye alikuja, alichota maji, alilala matangani. Hapakuwa na haja. Walijua, ndiyo maana Dorcas alikuwa kule ndani na maiti. Mwanamke mmoja mwenye kanga iliyochakaa: ndiyo akiba yote waliyokuwa nayo siku ile, na Tharsisi hakuwa ameweka humo hata chembe.

Tharsisi akachimba mwenyewe. Udongo wa juu ulikuwa laini, chini yake mawe. Stumai aliutoa kwa karai. Mchana mvua ikashuka, kingo zikaporomoka, kazi ikarudi nyuma. Wanaume walisimama njiani na majembe yao, wakitazama. Shimo lilikuwa bado magotini, na ndani ya nyumba Dorcas alishaanza kufukiza majani ya mkaratusi kuzuia harufu.

Viganja vya Tharsisi vilichubuka, mpini ukawa mwekundu. Hatimaye akainua uso.

"Reverien, nimeshindwa. Mama yangu ataharibika. Nisaidieni."

Hakutaja hela. Kisha Reverien akavua viatu, uso wake haujalegea hata kidogo, akashuka shimoni na kumpokonya jembe.

"Toka. Unachimba kama unapanda viazi."

Wengine wakafuata. Tharsisi akakaa juu ya rundo la udongo, kajifunika uso kwa mikono yake ya damu.

Asnath akamvuta mama yake kanga.

"Mama, baba analia."