Taharuki ya Nani?

Kwa miaka kumi na tisa, mwanafunzi aliyetaka kujua tofauti ya tashbihi na sitiari alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulikuwa wa Bi Fafanua. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wenyewe. Alijifanya linamkera, kumbe moyoni analichekea.

Kisha kaka yake akaoa mwalimu wa fasihi, na baada ya miaka miwili bibi huyo akahamishiwa shule ileile aliyofundisha Bi Fafanua, darasa la jirani.

"Nikisema mwalimu wa hesabu ni kama simba, hiyo tashbihi," wifi aliwaambia wanafunzi wake. "Nikinong'ona, 'Jamani, simba huyo anakuja,' nanyi nyote mkafungua madaftari, hiyo sitiari."

Darasa likaangua kicheko. Upande wa pili wa ukuta, Bi Fafanua alikuwa akiandika ubaoni. Chaki ikamkatikia mkononi.

Muhula haukuisha, wanafunzi wa Bi Fafanua wakaanza kumvizia wifi mapumzikoni. Walimu nao hawakuishiwa na sifa za kummwagia wifi. Bi Fafanua akawa anakunywa chai huku ameangalia dirishani.

Siku moja mkuu wa shule akataka kijitabu cha istilahi za fasihi. Akampa wifi kazi ya kukiandika. "Na wewe Bi Fafanua," akasema, "utapitia makosa madogomadogo."

Madogomadogo! Alikaa na kalamu nyekundu siku tatu, anatafuta. Kila ufafanuzi ulikuwa mfupi, umenyooka, hauna neno la kupunguza wala la kuongeza. Kadiri ulivyokuwa mzuri ndivyo roho ilivyomuuma. Hadi alipofika herufi T.

"Taharuki ni hofu inayompata mhusika anapokabiliwa na hatari."

Moyo ukamruka kwa furaha. Meza zao zilikuwa zimegusana, angeweza kumnong'oneza tu. Hakumwambia. Alisubiri kikao cha Ijumaa.

"Mkuu, niwie radhi, lakini kitabu hiki kitatuaibisha," alisema akiwa amesimama. "Taharuki si ya mhusika, ni ya msomaji. Ni ile hamu na wasiwasi wa kutaka kujua kitakachofuata. Mhusika anaweza kuwa amelala fofofo na nyoka yuko mvunguni. Yeye hana habari. Tunaotetemeka ni sisi tunaosoma!"

Walimu wakaguna. Wifi akaweka alama pembeni mwa ukurasa.

"Ni kweli, wifi. Limenipita. Nitalirekebisha."

Basi. Akafungua ukurasa uliofuata.

Jumamosi Bi Fafanua alikwenda kwa kaka yake, mwepesi kama aliyetua mzigo. Kaka mtu hata kiti hakumkaribisha. Alimwekea mezani daftari kuukuu lililotoka jalada.

"Huu mwandiko wa nani?"

Ulikuwa wake, wa mwaka wake wa kwanza kazini. *Taharuki ni hofu inayompata mhusika...* Alikuwa amemwazima wifi daftari lile siku za uchumba, akasahau.

"Mke wangu aliutilia shaka ufafanuzi huu," kaka alisema. "Nikamsikia anajijibu mwenyewe: aliyeandika ni wifi, atakuwa anajua kuliko mimi. Na jana daftari lilikuwa mkobani mwake, dada. Palepale kikaoni."

Uso ukamwaka moto. Akamfuata wifi jikoni, akamkuta anaosha vikombe.

"Kwa nini hukusema?"

"Ili iweje, wifi? Jumatatu ungeingilia mlango gani?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Hata kwa uungwana alikuwa ameshindwa.

Jumatatu, kabla ya kengele, Bi Fafanua alisimama mbele ya walimu wote.

"Lile kosa la taharuki ni langu. Nililiandika mimi, nikalifundisha miaka kadhaa kabla sijajirekebisha. Wifi yangu alinisitiri. Nami nililiona mapema nikanyamaza, nipate kumwumbua."

Wifi akaja kumshika mkono.

Mkuu wa shule, asijue pa kuangalia, akakohoa na kuingia kwenye tangazo lake: kuanzia muhula ujao, idara ya lugha itaongozwa na wifi.

Wivu ukamrudia Bi Fafanua palepale. Alipiga makofi hivyohivyo, hadi viganja vikamwasha.