Geuza Betri

Sauti ya mwisho ya mume wangu ilimwendea fundi wa magari. Nami nilikuwa hapo hapo, nimeshika bakuli la uji, na nilicheka kwa furaha. Hadi leo nikikikumbuka kicheko kile natamani kukitema.

Tulikuwa Nyakato, kwenye gereji ya Ngosha, nyuma ya viwanda. Mume wangu, Florian, alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi katikati ya jua kali. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo, mpaka kiwanda kilipoanza kutafutiwa mnunuzi na wafanyakazi wakapunguzwa. Badala ya kiinua mgongo alipewa Landrova kuukuu iliyokuwa ikibeba pamba, ya zamani kiasi kwamba betri yake bado ilikuwa inachajiwa na dainamo. Haukupita muda akaanza kuugua ugonjwa ule ambao siku zile hatukuutaja jina. Majirani nao hawakuutaja, walihamisha viti tu.

Alichotaka kilikuwa kimoja: kufika kwao Nshamba, Kagera, akiwa hai na akiwa anasema. Kibanja alichoachiwa na baba yake, migomba kwa mibuni, kilikuwa kikitunzwa na kaka yake, Cleophace. Florian alitaka kuwaambia wazee wa ukoo, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba kibanja kile ni cha mkewe Renatha, yaani mimi, na binti yetu Kokugonza. Asiposema, basi tena. Mjane hufungashiwa virago matanga yakianuliwa. Nilimwomba aandike, akatikisa kichwa.

"Karatasi kaka ataiwashia moto," alisema. "Mdomo wangu hawezi kuuchoma."

Meli ya Bukoba tuliifikiria, lakini daraja la tatu watu wangemkimbia mgonjwa wa namna ile, na daraja la kwanza halikuwa letu. Ikabaki barabara: kivuko cha Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, kisha kupanda milima ya kwao. Na dainamo ilikuwa imechoka. Gari likienda polepole haikuchaji kabisa, na kwenye mashimo yale nani angekimbia? Isitoshe, kivukoni ni lazima uzime injini. Betri ikikataa pale, ungesukuma gari lenye mtu anayekata roho?

"Tupa hiyo dainamo, Mama Koku," Ngosha aliniambia. "Tunafunga alteneta ya Kijapani. Hata gari likiwa limesimama linanguruma tu, yenyewe inachaji."

Zilikuwa zimejaa mjini, zimetandazwa juu ya magunia kama dagaa. Soko huria lilikuwa limetuletea kila kitu isipokuwa kazi. Nikauza cherehani yangu, tukanunua moja.

Haikukaa. Ngosha alikata vyuma, akachomelea kishikio, akakibomoa, akachomelea tena. Tulilala, tukaamka, tukarudi gerejini. Sauti ya Florian ilikuwa inazama. Koo lilikuwa limejaa vidonda, na maneno yalitoka kama ya mtu anayenong'ona msibani. Asubuhi, kabla sijawasha moto, nilikuwa namsemesha kwanza nisikie kama bado ipo. Ikiitika, nilipata nguvu ya kuchota maji. Niliogopa, jamani. Niliogopa hata kumwuliza mambo yasiyo na maana, nisije nikaimaliza.

Hatimaye alteneta ikakaa, mkanda ukakazwa. Ngosha alikuwa amezoea pikapu za Kijapani, ambazo hasi ndiyo hufungwa kwenye bodi. Waya za betri akazishika kurudisha zilivyokuwa. Hakujua kwamba kwenye Landrova ile ya kizamani chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Alteneta ya Kijapani ukiifunga hivyo, inaungua papo hapo. Na cherehani nyingine sikuwa nayo.

"Ngosha! Usiguse!"

Sikuamini kama ni Florian. Ilikuwa sauti yake ya kiwandani, ile ya kuzishinda mashine.

"Chanya haiendi kwenye bodi! Geuza betri! Geuza betri kwanza!"

Ngosha akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Akaelewa. Akageuza betri, akaunganisha, akawasha. Taa nyekundu ya dashibodi ikazimika, maana yake umeme unaingia.

"Eh, Mhaya wewe!" Ngosha alipiga makofi. "Unaumwa nini na sauti hiyo?"

Ndipo nilipocheka. Nikamwuliza mume wangu kama sasa atakunywa uji. Akafungua mdomo kunijibu. Haikutoka kitu. Nikadhani amechoka, nikampa uji.

Gari halikutuangusha. Kivukoni tulizima, ng'ambo likaitika mara moja. Taa zilituangazia pori lote la Biharamulo. Ngosha, aliyekubali kutupeleka, aliendesha akiimba, mimi nimempakata Florian nyuma, namsihi kimoyomoyo: sema hata jina langu. Nilimsemesha njia nzima. Alinibana vidole tu.

Nshamba wazee walikusanyika. Cleophace alimsaidia mdogo wake kuketi, tena kwa upole kabisa, siwezi kumsingizia. Nikapiga magoti, nikawaamkia, nikasema tulichokuja kusema.

"Marahaba, mwanangu," mzee wa ukoo alijibu. "Lakini neno hilo ni lake. Tumsikie mwenyewe."

Wakamsikiliza. Kuku walisikika, na upepo kwenye migomba. Mzee akamgeukia Ngosha.

"Wewe ni mgeni, huna chako hapa. Mwenzetu huyu alisema nini mara ya mwisho?"

Ngosha akanitazama. Alijua kinachotakiwa, na hakujua kusema uongo mbele ya wazee.

"Alisema nigeuze betri."

Mmoja akacheka, akajizuia. Florian akainua mkono. Akanionyesha mimi. Akaonyesha migomba. Kisha akagusa mdomo wake, akanionyesha tena. Machozi yalikuwa yanamtoka. Niliona wazi, na naapa mzee naye aliona.

"Anaomba maji," akasema Cleophace.

Hakuna aliyempinga. Maji yakaletwa, Cleophace mwenyewe akamshikia kikombe. Florian alinitazama juu ya ukingo wake, kisha akanywa, akayamaliza yote. Kiu alikuwa nayo kweli.