Mvinyo Uliopauka wa Ortensia Zavattaro

Miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa tume ya kuonja mvinyo kwetu Monferrato, Italia, na sijawahi kuona watu wazima watano wakihangaika hivyo kutema mvinyo ndani ya ndoo kwa heshima. Mwenyekiti wao alikuwa Dokta Ottavio Berruti. Siku za kawaida alivishauri viwanda vikubwa vya mvinyo namna ya kuutengeneza, na siku za tume alikaa kuuhukumu. Kila kiwanda alichokishauri kilitoa mvinyo mweusi kama wino, na yeye aliuita huo weusi "tabia".

Sasa Grignolino haina weusi. Ni zabibu yenye kokwa nyingi na ukakasi mwingi, ila rangi yake ni hafifu, kama waridi lililoachwa juani. Kila bibi wa vilima vyetu anajua hivyo. Dokta Berruti, mwenye vyeti vitatu ukutani, hakujua, au alijisahaulisha.

Machi ya mwaka mmoja nilipeleka mezani sampuli za Grignolino, chupa zote zimevishwa soksi ili mwenyewe asijulikane. Ya tisa ilikuwa ya Ortensia Zavattaro, mjane wa miaka sitini na nane aliyelima kilima cha baba yake peke yake. Nane za mbele yake zilitoka kwa wateja wa Berruti, nyeusi zote.

Dokta aliinua glasi, akaitazama kama aliyekuta nywele kwenye supu.

"Huu ni mvinyo, au ni maji waliyosuuzia pipa?"

Wanne wakacheka. Yupo aliyekuwa tayari ameandika "safi sana" kwenye karatasi yake. Nilimwona akifuta.

Hukumu ikatoka: hauna sifa za aina yake, urekebishwe na kuletwa tena ndani ya siku sitini. Ukikataliwa tena, unashuka daraja na kuwa mvinyo wa mezani. Chupani haliandikwi tena jina la zabibu wala la mahali, unabaki kuitwa "mwekundu" tu, kama ng'ombe.

Ortensia akaja ofisini na barua mkononi, viatu vyake vina udongo.

"Dokta, nirekebishe nini?"

"Rangi, mama. Changanya Freisa, ile zabibu nyeusi. Sheria inaruhusu hadi sehemu moja ya kumi."

"Inaruhusu, au inalazimisha?"

"Soko ndilo linalolazimisha."

"Kumbe nimekosea mlango. Nilidhani hapa ni kwa sheria."

Berruti akatabasamu kwa upole wa daktari wa meno. "Bi Ortensia, dunia imekwenda mbele."

"Iende. Ikirudi na kiu itanikuta."

Nilikuwa nimelipiga lakiri tangi lake siku ya sampuli ya kwanza, kama kanuni zilivyotaka, na yeyote aliyetaka kuchanganya kitu ilimpasa aniite niikate. Ortensia hakuniita. Siku ya hamsini na tano ndipo alipopiga simu nikachukue sampuli ya pili. Nikaikuta lakiri yangu nzima, ina vumbi.

"Umerekebisha nini?" nikamuuliza.

"Nilifunga mlango nikaenda kupogoa mizabibu. Andika hivyo."

Nikaandika, akatia sahihi, nami nikatia yangu.

Kupanga safu ya glasi ilikuwa kazi yangu. Safari hii niliiweka yake ya kwanza, saa nne asubuhi, midomo ikiwa bado haijaparuzwa na wino wa wengine. Hilo ndilo jambo pekee nililothubutu kufanya.

Karatasi ilionyesha kwamba sampuli imeletwa mara ya pili, basi. Berruti akanusa, akaonja, akafumba macho kama anayesikiliza kinanda kanisani.

"Mnaona, waheshimiwa? Huyu amesikia ushauri. Freisa kidogo, asilimia saba, nane hivi. Rangi imekaa, mvinyo umepata mgongo."

"Mgongo kabisa," akasema wa kulia.

"Na mabega," akasema wa kushoto, asije akapitwa.

Ukapita kwa kura zote tano.

Ortensia alipokuja kuchukua cheti, Dokta alitoka mwenyewe kumpa mkono.

"Nilikwambia, mama. Asilimia nane?"

"Muulize Evasio."

Evasio ni mimi. Nikafungua faili, nikamsomea: lakiri nzima, hakuna kilichoongezwa, hakuna kilichotolewa. Masikio ya Dokta yakapata rangi ambayo Freisa yoyote isingeitoa.

"Mvinyo hubadilika ukikaa," akasema.

"Wangu umekaa," akajibu Ortensia. "Aliyebadilika ni wewe."

Akakikunja cheti mara nne na kukitia mfuko wa aproni.

Msidhani Berruti aliondoka. Alibaki mwenyekiti miaka sita zaidi, na kuanzia mwezi uliofuata aligundua uzuri wa weupe. Kila kilichopauka kikawa "cha asili", na wale wanne wakakiimba mpaka viwanda vikubwa vikaanza kukamua haraka haraka ili rangi isishike. Mimi nikahamishiwa chumba cha majalada.

Kiangazi nilipita kwa Ortensia. Alinikatia salami, akanimiminia, nami nikamweleza jinsi Dokta anavyomsifu sasa kila mkutano.

"Hata sifa zake zina harufu ya kizibo kibovu," akasema. Kisha akanikazia macho. "Na wewe, Evasio, Machi ile walipocheka, ulisemaje?"

"Sikusema kitu. Mimi nilikuwa katibu."

"Lakini ulijua ni Grignolino safi."

"Nilijua."

Akausogeza mkate upande wangu.

"Basi kula," akasema, "na unyamaze, kwa kuwa hilo unaliweza."