Nimefunga, Mama

Siku ya tano bila choo, na Cheruto sasa aliogopa hata kuingia chooni. Mimba ilikuwa ya wiki tisa. Ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitatu, naye alijiambia kwamba akijikamua kidogo tu, hii pia itamponyoka. Nje ya zahanati, siri ya mimba alimwambia mumewe peke yake. Watu wa Molo na midomo yao, ungewaambia wewe?

Jumatano hiyo asubuhi mama mkwe wake, Linah, alimwekea chai na viazi vya moto.

"Nimefunga, mama," Cheruto akasema, akiona haya.

Linah uso ukamng'aa. Papo hapo akaondoa sahani, kikombe, hata jagi la maji. "Kumbe na wewe! Mimi hufunga kila Jumatano tangu tupoteze yule mtoto. Sikujua tunaomba pamoja."

Jamani! Cheruto alitaka kucheka, akajikuta analia. Miezi yote hiyo alidhani mama huyu amemkatia tamaa.

"Si maombi, mama. Nimefunga choo."

"Choo? Si ungesema!" Kufumba na kufumbua, Linah alishakoroga ile chumvi ya kuharisha kwenye glasi. "Maliza yote. Saa sita haifiki kabla hujaenda."

Cheruto akaishika glasi. Kunywa hawezi, kusema anaogopa.

"Siwezi, mama. Niko na mimba."

Linah akampokonya glasi, akaimwaga nje ya mlango, kuku wakatawanyika. Kisha akampigia simu Naliaka, nesi wa zahanati.

"Kujikamua choo hakutoi mimba, aache kujitisha," Naliaka akasema. "Mimba yenyewe hufunga tumbo, na vile vidonge vya kuongeza damu nilivyompa vinakaza zaidi. Lakini asiviache. Anywe maji mengi, ale sukuma, maharagwe na matunda, atembeetembee. Dawa ya kuharisha asiguse mpaka nimwone kesho. Na akiona damu, au tumbo likimuuma sana, mlete leo leo."

Linah akarudisha jagi mezani, akamimina maji, akamshikisha Cheruto kikombe kwa mikono yake miwili. Halafu akachukua kiazi, akakiuma, machozi yakimtiririka.

"Mama! Na Jumatano yako?"

"Mimi nimefungua," Linah akasema, mdomo umejaa. "Sasa bado wewe."